Mkono Ulioshika Kamba

Nyie vijana mliopewa punda na mikokoteni pale Kitaya, nimewaona. Ijumaa nilikuja kumtazama mjukuu wangu Rehema, nikakaa barazani kwake nakunywa chai, na nyie mkawa mnapita na maji mbele yangu. Sikusema neno. Nilialikwa chai, sikualikwa kusema. Lakini jioni Rehema akaniambia, "Bibi, hawa wenzangu hawana wa kuwafundisha, waandikie basi." Na Rehema ni mwalimu, wa kwanza katika ukoo wetu kusimama mbele ya darasa na chaki, siwezi kumnyima. Mimi mwenyewe niliishia darasa la nne. Mkikuta herufi imekaa upande, inyoosheni, msinipigie kelele.

Jina langu Somoe binti Mfaume. Watu wananiita Bi Punda, na sikasiriki. Nimeswaga punda miaka zaidi ya thelathini: maji, chumvi kutoka kule kwenye mikoko, makopa, ile mihogo mikavu, magunia ya korosho, bibi harusi mmoja, na maiti mara mbili. Nimelea watoto watano kwa kazi hiyo baada ya baba yao kufariki. Kabla yangu hapakuwa na mwanamke huku kwetu aliyeshika kamba ya punda. Walisema nitazaa mtoto mwenye masikio marefu. Nimezaa, nimepata wajukuu kumi na mmoja, masikio yao yote ya kawaida, ila hawasikii.

Sasa niliyoyaona Ijumaa ni haya. Mmoja wenu, yule mrefu mwenye fulana ya njano, simu ilimlilia mfukoni, singeli juu kabisa, punda akaruka nusu ya njia. Naye akampiga punda. Kosa la simu, fimbo kala mnyama. Wa pili alikuwa mbele ya punda wake anamvuta, kamtolea macho, anamtukania mama yake. Punda hajui matusi, mwanangu, lakini anajua kifua kilichojaa. Ukimsimamia mbele na kumkodolea macho, yeye anaona chui. Simama begani kwake, tazama unakokwenda wewe, naye atatazama huko huko. Wa tatu, binti mwenye ushungi wa bluu, alikuwa kazungusha kamba kiganjani mara mbili. Binti yangu, acha leo hii. Usingoje kesho.

Nakwambia kwa sababu kidole changu cha shahada kimepinda. Nikikaa kwenye swala, wenzangu vidole vyao vinaelekea kibla, changu kinaelekea Msumbiji. Wiki yangu ya kwanza kazini niliizungusha kamba mkononi namna hiyo hiyo, nikaona ndiyo kushika vizuri. Kanga wa porini akaruka kwenye majani, punda akatoka mbio, na mimi nyuma yake kwa tumbo, tukalipasua shamba la mihogo la watu kutoka mwanzo hadi mwisho. Niliposimama, nguo imebaki nusu na mdomo umejaa udongo, nikamkuta mwalimu wangu amekaa chini anavuta ugoro puani.

"Somoe," akasema, "umelima vizuri. Kesho unapanda nini?"

Huyo ndiye Mzee Chande. Alikuwa Mmakua, mfupi, miguu ya matege, alivuka Ruvuma kutoka upande wa Msumbiji na punda watatu, wala hakurudi tena. Alikuwa na ulimi mchafu kuliko wanawake wa sokoni, na mikono safi kuliko ya mtu yeyote niliyemjua. Sisemi safi ya sabuni. Nasema mikono isiyokuwa na neno ndani yake. Akimshika punda mwenye kidonda, punda anaegemea.

Yeye alikuwa na kanuni moja ambayo watu waliicheka. Kila asubuhi kabla ya kugusa kamba, unakaa kwenye gogo nje ya zizi na kumenya karanga mbichi kumi. Unavunja ganda, unatoa punje nzima, ngozi yake nyekundu isichubuke. Ikichubuka hata moja, unaanza upya. Mimi siku za mwanzo nilikuwa nakaa pale mpaka jua linapanda.

"Mzee, watu wanangoja maji," nilikuwa namwambia.

"Wangoje. Mkono unaovunja karanga utavunja na kitu kingine. Nyie Wamakonde mnakwenda kazini kama mnakwenda kukamata mwizi."

"Na nyie Wamakua mnakwenda kama mnatoka kuzikwa."

"Ndiyo maana punda wetu wanaishi."

Nikaja kuelewa baada ya miezi. Karanga hazina ajabu. Huwezi kumenya karanga kumi bila kuchubua kama umegombana na mtu na bado unamjibu kichwani. Mikono inakusema. Karanga ya saba au ya nane, mabega yanashuka yenyewe, pumzi inarefuka, ndipo unasimama. Punda naye alikuwa anatutazama muda wote huo kutoka ndani ya zizi, akituona tumekaa, hatuna haraka, basi naye anashusha kichwa. Ukimkuta kashusha kichwa na mdomo wa chini umelegea, kazi imekwisha nusu.

Mengine nitayasema upesi upesi, mtayajua kwa kufanya. Sema neno kabla ya kumgusa, lolote, hata "nimekuja mwenye nyumba," ili asikushtukie. Usipite nyuma yake bila mkono wako kumtembea mgongoni mpaka umepita. Kamba ilegee, iwe kama tabasamu kati yako na yeye. Ikikaza, amekwisha kujua kwamba unaogopa. Tazama masikio. Moshi wa samadi kavu uwake zizini alfajiri na jioni, mbung'o hawaupendi, na punda anaujua moshi ule kama nyie mnavyojua harufu ya wali wa mama zenu. Na wewe mwenyewe utanuka moshi huo. Nukeni tu. Kwa punda hilo ndilo jina lako.

Na akisimama njiani, usiseme ni mbishi. Punda hasimami bure. Tulikuwa na dume mmoja, Karani, tulimwita hivyo kwa sababu kila kitu kwake kilikuwa kwa muda wake na alikuwa anakutazama kwa dharau. Siku moja tunateremka kwenye matete ya Ruvuma, Karani akasimama. Nikapumua, nikakaa. Nikamwimbia. Nikatazama anakotazama, sioni kitu ila matete. Nikasema basi tukae sote, leo hakuna anayeolewa. Baadaye kidogo matete yakafunguka, akatoka kiboko mzima wa mtoni, na mtoto wake, akakata njia pale pale ambapo ningekuwa mimi. Nilipomhadithia Mzee Chande akasema, "Sasa nani kati yenu amesoma?"

Kwa hiyo nilijua. Nataka mkumbuke hilo mnapoendelea kusoma. Sikuwa mgeni wa kazi, nilikuwa na miaka zaidi ya ishirini ndani yake. Watu walikuwa wanatoka mbali, hata kule mjini Mtwara, kuniletea punda aliyewashinda. Walisema Bi Somoe ana mkono wa baridi. Nami nilikuwa nimeanza kuupenda mkono wangu.

Kashata alikuwa punda jike. Rangi yake kama sukari iliyoungua kidogo, ndiyo maana ya jina. Alizaliwa zizini kwetu, mimi na Mzee Chande tulimtoa kwa mikono yetu baada ya mama yake kuchoka, na ulimi wake wa kwanza ulinilamba kiganja changu. Hakuwahi kupigwa. Hakujua fimbo ni nini. Ukiisimamisha mbele yake alikuwa anaitafuna. Alikuwa wetu sote wawili.

Basi mdogo wangu Esha alikuwa na binti yake ndani, mwali, na siku ya kumtoa ikafika. Mambo ya ndani ya unyago hayaandikwi na siyaandiki. Ninachoandika ni kwamba mimi ndiye dada mkubwa, na nilikuwa nimejiwekea kwamba atakayemshika mkono mwali kumtoa nje mbele za watu ni mimi. Nilinunua doti mpya ya kanga. Asubuhi nikafika kwa Esha, wanawake wamejaa ua mzima, wanatwanga, wanaimba. Nikavua viatu nisogee kwenye mkeka. Esha akanizuia kwa mkono.

"Dada, hapa utusamehe. Kaa kule jikoni."

"Kwa nini?"

"Unanuka punda, dada. Mwali kapakwa liwa na marashi, nikuweke wewe ubavuni kwake?"

Wakacheka. Mmoja akatia na wimbo, mnajua wanawake wa kwetu, neno halijatua limeshapata mkarara. "Bi Punda, rudi bandani, hoo, mwali hataki majani." Hata mimi ningecheka kama angekuwa mwingine. Aliyemshika mkono mwali ni wifi yake Esha, mwanamke wa juzi tu.

Nikavaa viatu vyangu nikatoka. Na jambo la kuchekesha, au lingechekesha, ni kwamba maji ya kupikia shughuli ile nzima yalikuwa yanatoka kwangu. Punda waliokuwa wananuka ndio waliokuwa wanawaletea maji ya kuoshea mchele. Mzee Chande alikuwa anangoja zizini twende safari ya pili.

Sikwenda zizini moja kwa moja. Nilikwenda nyumbani, nikaoga, nikasugua mpaka ngozi ikawaka. Nikawasha chetezo, nikajifukiza udi, nguo, nywele, makwapa, mpaka macho yakatoka machozi, na machozi mengine hayakuwa ya udi. Nikajimwagia marashi chupa nzima. Nikafunga ile kanga mpya, bado ina gundi ya dukani, kila hatua inapiga kelele kama karatasi. Nia yangu ilikuwa nipeleke maji mwenyewe, niingie nayo ua wa Esha nanukia kama bibi harusi, nisimame katikati yao, niwaulize sasa nani ananuka.

Nafika zizini, Mzee Chande kapiga magoti chini ya tumbo la Kashata, anakaza mkanda wa shogi, lile tandiko la mifuko miwili ambamo madumu yanakaa. Kamba ya Kashata ilikuwa imefungwa kwenye mti, fundo jepesi. Mzee akaninusa kabla hajaniona.

"Leo nani kafa?" akasema. "Au nani kaolewa?"

"Twende, Mzee. Maji yanangojwa."

"Karanga ziko pale kwenye gogo."

"Sina muda wa karanga zako leo."

"Somoe." Alitoa kichwa akanitazama. "Kaa kidogo. Menya hata tano."

"Nimesema twende!"

Nikafungua fundo. Nikaikamata kamba fupi, chini ya kidevu cha Kashata, ngumi imekaza, nikaivuta kwa nguvu zangu zote na hasira za mwanamke aliyefukuzwa kwenye mkeka wa mwali wa mdogo wake.

Tazameni sasa kwa macho ya yule punda. Amekuja mtu asiyemjua. Hana harufu ya moshi wa samadi, ana moshi mwingine mkali ambao hajapata kuunusa. Anapiga kelele miguuni. Hakusema neno la kumjulisha. Hajamshika begani, kamshika taya, kwa ngumi. Mimi nilimwona Kashata. Yeye hakumwona Somoe. Akarusha kichwa juu, akazunguka, akarusha miguu ya nyuma mara mbili. Madumu matupu yakaruka. Halafu akakanyaga akitafuta pa kukimbilia, na pale alipokanyaga palikuwa na mtu.

Nilisikia nyonga ya Mzee Chande ikivunjika. Mlio wake sitauandika.

Hakupiga kelele. Alisema tu, "Achia kamba. Achia kamba, Somoe." Hata hapo alikuwa bado ananifundisha. Nilipoachia, Kashata akasimama pembeni.

Watu walitoka mbio kwenye ngoma. Esha alikuwa wa kwanza, na nguo zake za shughuli. Akapiga magoti, akaniuliza, "Dada, kumetokea nini?"

Nami nikasema, "Kashata kamrukia bila sababu."

Bila sababu. Maneno mawili. Sikuyapanga, yalitoka kama mate. Nilikuwa na haya, nilikuwa nanukia udi, wanawake walionicheka wote wamenizunguka, mmoja wao kashika kichwa cha Mzee Chande. Ningesema nini? Kwamba mlisema nanuka, nami nikaenda kujifukiza kama mtoto, nikamvunja mzee wa watu? Nikasema bila sababu, na watu wakaniamini, kwa sababu ni Bi Punda ndiye anayesema. Nani anamjua punda kuliko Bi Punda?

Mzee Chande alikuwa amefumba macho. Sijui kama alisikia. Miaka yote hii nimejiuliza, ingawa nadhani najua.

Walimpeleka mjini, hospitalini, kwenye gari la mtu aliyekuja shughulini. Na kijijini neno langu likaanza kuota majani. Mmoja akasema punda yule kaingiwa na shetani wa ngoma. Mwingine akasema aliwahi kumwona anamtazama mtoto kwa jicho baya. Kashata! Aliyekuwa anatembea na watoto wawili mgongoni wakimvuta masikio. Wiki haikuisha, mwenyekiti wa kijiji akanijia na wazee wawili.

"Bi Somoe, tunajua unampenda. Lakini njia ya shule inapita hapo zizini kwenu."

"Najua, mwenyekiti."

"Siku hizi wanapita watu wa lori, wananunua punda. Wa ngozi wale, wanaowachinja. Jumanne watakuwa hapa. Punda mla watu hafugwi."

Nilikuwa na nafasi pale. Barazani kwangu, watu watatu tu, hakuna hata mwanamke mmoja wa kunicheka. Ningesema, mwenyekiti, kosa ni langu, nilimvuta vibaya. Sentensi moja. Angeguna, angekwenda kuwaambia wengine, ningechekwa mwezi mmoja na wimbo ningetungiwa. Badala yake nilitazama chini.

"Na Mzee Chande anasemaje?" akauliza. "Maana ni punda wenu nyie wawili."

"Nimemwuliza," nikasema. "Anasema sawa."

Sikuwa nimemwuliza. Nilikuwa nimekwenda hospitali mara mbili na uji wa mtama kwenye chupa ya chai, na mara zote mbili yeye ndiye aliyeniuliza mimi. Hakuuliza kilichotokea. Aliuliza, "Kashata anakula?" Nikajibu, "Anakula." Akatikisa kichwa, akanywa uji, tukazungumza habari za mvua.

Jumanne lori likaja. Lilikuwa na punda wengine saba ndani, wameegemeana. Wakaweka mbao mbili za kupandia. Wanaume wanne wakamshika Kashata, kamba shingoni, kamba mguuni, mmoja nyuma na fimbo, na makelele, sukuma, vuta, piga huyo. Kashata akapigilia miguu yake minne chini kama misumari. Hawakumsogeza hata shubiri. Ilikuwa mara yake ya kwanza kupigwa, na alikuwa hajui afanye nini na fimbo ile. Aligeuza kichwa kuitafuta aitafune.

Mwenyekiti akaniambia, "Bi Somoe, tusaidie. Anakufahamu wewe tu."

Wajukuu zangu, ningeweza kukataa. Ningeweza kuingia ndani na kufunga mlango.

Nilisema, "Muacheni. Zimeni gari. Kaeni mbali, kule." Nikaenda kwenye gogo. Nikamenya karanga kumi, na sikuchubua hata moja. Nilikuwa nimevaa kanga yangu ya zamani, ya kazi, yenye moshi wetu. Nikamfikia begani. Nikasema, "Nimekuja, mwenye nyumba." Nikazivua kamba zote, nikaacha moja, nikailegeza. Nikapumua nje, ndefu, mpaka nikamsikia naye anapumua. Kichwa kikashuka. Mdomo wa chini ukalegea. Nikatangulia mimi kwenye mbao, sikugeuka kumtazama, na nyuma yangu nikasikia kwato, moja, ya pili, ya tatu, hana haraka. Aliingia lorini kama anavyoingia zizini. Akaingiza kichwa chake kwapani kwangu, akakaa hivyo wakati nafunga fundo.

Katika miaka yangu yote ya kazi, sikupata kumwongoza punda vizuri kuliko siku ile. Sikukosea hata hatua moja. Dereva akaniambia, "Mama, tungekupata wewe kila kijiji tungekuwa tunalala mapema."

Nilizoea kuwaambia watu kwamba punda hadanganyiki, kwamba ukiwa na ubaya moyoni atausikia kwenye kamba. Nimesikia na nyie mnaambiana hivyo, mmelipata kwa Rehema, naye kalipata kwangu. Si kweli. Punda anasikia hofu, na anasikia hasira. Mtu aliyetulia akimpeleka pabaya, hasikii kitu. Anafuata. Kwa hiyo mimi siwafundishi kutulia peke yake. Kutulia mtakujua, karanga ziko tele Kitaya. Nawaambia hivi: siku mkono wako ukikosea, sema siku hiyo hiyo, kabla watu hawajakaa chini kuzungumza, kabla neno halijaota. Punda wako akimpiga mtu teke, aliyeshika kamba ndiye wa kwanza kusema. Mtachekwa. Chekweni. Kuchekwa kunakwisha. Esha mwenyewe alikwisha kuusahau ule wimbo kabla mvua hazijaisha, na akija kusomewa haya atashangaa, kwa sababu hakuna mtu niliyepata kumwambia kabla ya leo.

Alhamisi ya wiki ile nilikwenda hospitali mara ya tatu. Mzee Chande alikuwa amekalishwa, mito mgongoni. Akauliza, "Kashata anakula?"

"Anakula," nikasema.

Alirudi baada ya miezi miwili na magongo mawili. Kazi kwake ilikuwa imekwisha, na alijua. Hakukubali kuingia nyumbani kwanza. Alikwenda zizini, hatua moja, apumzike, hatua moja, apumzike, nami nyuma yake sijui niweke wapi mikono. Akaegemea ukingo. Karani alikuwepo, na mama yake Kashata, mzee sasa. Akawatazama mmoja mmoja; habari ya lori alikuwa amekwisha kuisikia. Nikangoja aniulize nani aliyeamua. Nikangoja anitukane, alikuwa anajua matusi ambayo hata mabaharia hawana. Nikangoja aniulize habari ya mkono wangu siku ile, kwa sababu yeye alikuwa chini ya tumbo la punda na aliziona nyayo zangu zinavyokanyaga.

"Nani alimpandisha?" akauliza.

"Mimi."

"Alikataa?"

"Kwa wale wengine alikataa." Nikaushika ukingo. "Kwangu hakukataa."

Akatikisa kichwa taratibu, kama anavyotikisa mtu aliyepewa hesabu na kuikuta sawa.

"Basi nilikufundisha vizuri," akasema.

Halafu akaniomba maji ya kunywa. Mtungi ulikuwa pale pale kivulini, hatua kumi. Nilichota kikombe kikajaa, nikamletea. Alipokipokea kilikuwa nusu.